Malengelenge ya Miguu kwa Watoto Wanaotembea na Kukimbia Mbali

Watoto wengi wa vijiji vya Kibaha na Kisarawe hutembea mwendo mrefu kwenda shule. Baadhi yao hubaki jioni kufanya mazoezi ya mbio kwa ajili ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Miguu yao hupata malengelenge kwa urahisi. Lengelenge dogo hupona lenyewe, lakini likipasuka na kuingia uchafu linaweza kuwa kidonda cha kumfanya mtoto akose masomo. Mengi yanaweza kuzuiwa nyumbani.

Lengelenge hutokeaje?

Kiatu kinaposugua sehemu moja ya ngozi tena na tena, tabaka la juu huachana na la chini, na maji hujaa katikati. Joto, jasho, umande wa asubuhi na mchanga ulioingia kiatuni huongeza tatizo. Kwenye njia za vilima, kama zile za msitu wa Pugu Kazimzumbwi, mtoto anapopanda kisigino huchezacheza ndani ya kiatu, na anaposhuka vidole hugonga mbele.

Kabla ya mwendo

- Mpime mtoto kiatu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya shughuli za siku. Asimame akiwa amevaa soksi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisichomoke anapotembea.
- Ukinunua mtumba, ingiza mkono ndani. Kama mkono wako unahisi mshono mgumu au kitambaa kilichokunjamana, kisigino cha mtoto kitahisi zaidi.
- Kama umenunua kiatu kikubwa ili akikulie, weka soli ya ndani na mfundishe kukaza kamba vizuri.
- Kiatu kipya akivae kwanza nyumbani saa moja au mbili kwa siku kadhaa. Asikianzie siku ya mashindano.
- Soksi ziwe kavu na zisiwe na viraka vinene. Soksi za pamba hushika jasho, hivyo akiwa nazo hizo tu, abebe jozi ya kubadilisha.
- Wakati wa masika, viatu vilivyolowa vijaze magazeti na uviweke penye upepo. Usivikaushe karibu na moto, maana ngozi ya kiatu hukakamaa.
- Kata kucha za miguu ziwe fupi.

Akiwa njiani

Kabla lengelenge halijatokea, ngozi huanza kuchoma na kupata joto. Huo ndio wakati wa kuchukua hatua. Mfundishe mtoto asimame hapo hapo, akung'ute mchanga, anyooshe soksi na kubandika plasta isiyo na mikunjo.

Watoto wengi hukaa kimya kwa sababu wanajua nyumbani hakuna fedha ya kiatu kingine. Ukimuuliza, "Kiatu kinakubana?" atajibu hapana. Muulize, "Leo kimekuuma wapi?" kisha utazame miguu yake mwenyewe, hasa kisigino, nyayo na katikati ya vidole.

Lengelenge likishatokea

1. Nawa mikono, kisha osha mguu wa mtoto kwa maji safi na sabuni na uukaushe taratibu.
2. Usilitoboe kwa sindano ya kushonea wala mwiba. Ngozi ya juu ndiyo inayokinga kidonda.
3. Likipasuka lenyewe, usiibandue ngozi hiyo. Lifunike kwa plasta au bandeji safi, na ubadilishe kila siku au inapolowa.
4. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa.
5. Apumzike mbio hadi maumivu yaishe. Mwombe mwalimu amruhusu kuvaa sandali kwa siku chache.

Ukiona uvimbe mdogo unaowasha wenye kitone cheusi katikati, huenda ni funza. Mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Mpeleke zahanati mapema ikiwa:

- kidonda kinatoa usaha au harufu mbaya;
- ngozi inayozunguka inavimba, ina joto, na uvimbe unaenea;
- ana homa au mitoki ya kinenani;
- hawezi kukanyaga;
- lengelenge ni kubwa na linauma sana;
- ana kisukari au selimundu, hata kama kidonda ni kidogo.

Chukua kadi yake ya kliniki ili mhudumu aangalie chanjo ya pepopunda. Mhudumu ndiye atakayeamua kama mtoto anahitaji rufaa kwenda hospitali ya wilaya Kisarawe, au Tumbi, Kibaha.

Kutazama miguu ya mtoto kila jioni ni kazi ya dakika mbili. Ifanye wakati anaponawa, kabla hajalala.