Mandhari Yenye Wenyewe: Sam Ntiro kati ya Brashi na Kalamu

Neno mandhari lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu kutazama; ndugu zake ni nadhari na nadharia. Mandhari, basi, ni kile kinachoonekana na mtu aliyesimama kando. Wachagga wa Kilimanjaro wana neno jingine, kihamba: shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake, ambalo watu hulilima, huishi humo na hurithishana. Makala haya yanadai kwamba michoro ya Sam Joseph Ntiro (1923–1993) inaeleweka vyema zaidi ikisomwa kwa neno la pili.

Ntiro alizaliwa Machame. Alisomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, mwalimu aliyesisitiza kwamba wanafunzi wachore wanayoyajua badala ya kuiga Ulaya. Kati ya 1952 na 1955 alisoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akarejea kufundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru aliteuliwa kuwa balozi wake London, wadhifa aliokuwa nao hadi 1964.

Huko Slade angeweza kuchukua kanuni za Ulaya za kuchora ardhi kwa kina na umbali. Hakufanya hivyo. Katika kazi zake, vilima na migomba hujaza picha, na watu wa maumbo sahili wametawanyika humo wakivuna, wakibeba na wakijenga. Ni rahisi kuuona mtindo huu kuwa wa kitoto. Hata hivyo, tukumbuke kwamba picha zilizouzwa sana za Kilimanjaro zilikuwa za kilele chenye theluji juu ya nyika isiyo na mtu. Picha ya aina hiyo ina siasa yake, kwa kuwa ardhi isiyoonekana kuwa na wenyewe ni nyepesi kugawiwa wengine. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kutetea haki yao. Simdai kwamba Ntiro alichora kuhusu kesi hiyo. Ninachodai ni kwamba, katika zama hizo, kuijaza ardhi watu wanaoifanyia kazi kulikuwa kauli.

Ushahidi wa pili uko katika lugha. Mwaka 1953 Eagle Press ilichapisha kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Miaka mitatu baadaye alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, mchoro ulionunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Mwandishi na mchoraji ni mtu mmoja, na anashughulikia jambo lile lile: maisha ya jamii yanayofungamana na mahali pake. Lakini kitabu husomwa na wanaanthropolojia, na mchoro huhifadhiwa ng'ambo chini ya jina la Kiingereza. Hifadhi moja imegawanywa mbili, na kila nusu imekuwa bubu kwa mwenzake.

Hasara ya mgawanyiko huo ni ya kisera. Mtaala wa sanaa unaofundisha mandhari kwa maana ya mtazamaji tu humfanya mwanafunzi wa Machame awe mtalii kwao. Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu: kitabu cha 1953 kichapishwe upya kikiandamana na michoro, makumbusho ya kanda yaandike orodha za kazi za Ntiro kwa Kiswahili, kwa majina yanayotokana na msamiati wake mwenyewe, na kamati zetu za istilahi zilitafakari neno kihamba na mengine ya aina yake kabla ya kutafsiri istilahi za uhakiki wa sanaa kutoka nje. Ntiro aliutumia mkono mmoja kuandika na kuchora. Nasi tumsome kwa macho yote mawili.