Timu ya Roboti ya Skuli: Ni Shindano Lipi la Kuanza Nalo?

Mzazi mmoja anayeishi Bondeni, Nakuru, mtu wa asili ya Mombasa, ameniandikia akitaka ushauri. Skuli ya bintiye imeanzisha klabu ya roboti. Wanafunzi ni kumi na wawili, mwalimu mlezi ni mmoja, na kamati ya wazazi imechanga fedha zinazotosha jambo moja tu: ama kununua seti ya vipuri, ama kuwasafirisha watoto mashindanoni. Kila mjumbe wa kamati ana shindano analolipigia debe, na vikao viwili vimekwisha bila uamuzi.

Nalijibu swali hili hapa hadharani kwa sababu walimu wa Kilifi, Kwale, Lamu na Mombasa nao wamo katika njia panda hiyo hiyo. Jibu langu fupi ni hili: ingieni shindano ambalo skuli yenu itaweza kulirudia mwaka ujao bila kumngojea mfadhili. Kwa skuli nyingi za umma, hilo ni maonyesho ya sayansi ya Wizara ya Elimu. Sababu zangu nazieleza hapa chini, na wenye uwezo mkubwa zaidi nao watapata lao.

Aina mbili za mashindano

Watu huyataja mashindano haya kwa majina mengi, lakini aina ni mbili.

Aina ya kwanza ni mchezo. Waandaaji hutoa uwanja mdogo wa mezani wenye mkeka na vitu vya kusukuma, kubeba au kupanga. Timu zote hupewa kazi zile zile, na roboti inayopata alama nyingi ndani ya muda mfupi ndiyo inayotamba. Hapa mtoto hujifunza usahihi, kupanga muda, na kurekebisha programu mara mia bila kukata tamaa. Lakini bila vipuri vinavyokubalika na waandaaji, na bila mkeka wa kufanyia mazoezi, timu huenda kushindana na wenzao waliofanya mazoezi miezi mitatu.

Aina ya pili ni maonyesho. Mwanafunzi huleta tatizo alilolichagua mwenyewe, kifaa alichokiunda, na maelezo ya jinsi alivyokijaribu. Waamuzi humhoji. Hapa hakuna seti maalumu. Mota iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya kuchapishia ina haki sawa na mota mpya, maadamu mwanafunzi anajua kueleza inavyofanya kazi.

KSEF: maonyesho ya Wizara

Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo wengi wanayajua kwa kifupi chake KSEF, ndiyo mrithi wa ile Kongamano ya Sayansi waliyoshiriki wazazi wengi walipokuwa sekondari. Hupanda ngazi kwa ngazi: skuli, kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Yana vipengele zaidi ya kumi, kuanzia hisabati na kilimo hadi uhandisi, na roboti ina kipengele chake.

Mradi mmoja huwa na wanafunzi wasiozidi wawili. Hili ni zito kwa klabu ya watu kumi na wawili, kwani itabidi watoe miradi sita au wachujane. Lakini pia ndiyo faida yake: hakuna mtoto wa kukaa pembeni akishika waya huku mwenzake akiandika programu. Waamuzi huangalia maandishi ya mradi, namna mwanafunzi anavyojieleza kwa mdomo, na fikra ya kisayansi iliyomo ndani yake. Anayebebwa na mwalimu hujulikana kwa swali la pili.

Njia ya kimataifa ipo pia. Miradi bora ya kitaifa imewahi kupelekwa ISEF, maonyesho makubwa ya Marekani yaliyoanza mwaka 1950. KSEF ilijengwa kwa ajili ya sekondari, hivyo skuli zenye Gredi ya 7 hadi 9 ziulize mapema katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ni ngazi gani zinapokelewa mwaka huo.

Kwa wanaopenda maonyesho yapo pia ya Young Scientists Kenya, yaliyoanza mwaka 2018 kwa mfano wa yale ya Ireland yaliyofanyika mara ya kwanza Dublin mwaka 1965. Mradi ulioandaliwa vizuri kwa KSEF unaweza kurekebishwa ukaombewa nafasi huko, ila someni kanuni za kila upande kwanza.

FIRST LEGO League

Hili lilianza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa shirika la Marekani la FIRST na kampuni ya LEGO. Tawi lake kubwa, Challenge, ni la watoto wa miaka 9 hadi 16 nje ya Marekani ya Kaskazini. Timu huwa na watoto wawili hadi kumi na huongozwa na watu wazima wawili. Roboti hucheza mezani kwa dakika mbili na nusu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mchezo wenyewe ni robo tu ya alama. Robo tatu zilizobaki ni usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu ambao timu huufanyia utafiti na kuuwasilisha, na maadili ya kufanya kazi pamoja. Kwa hiyo mtoto asiyependa waya lakini anajua kuhoji watu na kusimama mbele ya hadhira ana nafasi yake. Kwa skuli ya msingi au sekondari ya chini yenye watoto wengi wenye vipaji tofauti, silioni shindano la kulea watoto vizuri zaidi ya hili.

Ugumu ni gharama. Seti moja ya vipuri vya LEGO vya kiwango hiki huuzwa zaidi ya dola 300 huko ng'ambo, kabla ya usafiri na ushuru. Zaidi ya hapo kuna ada ya msimu, mkeka na vitu vya mezani ambavyo hubadilika kila mwaka, na laptopu. Vipuri navyo huzeeka. LEGO ilifunga jina lake maarufu la Mindstorms mwishoni mwa mwaka 2022, na seti za aina hiyo zilizoko skulini sasa zinaishi kwa vipuri vya akiba. Nimeona katika skuli moja, ambayo siitaji, sanduku la aina hii limefungiwa kabatini kwa sababu betri moja ilikufa na hakuna aliyejua pa kupata nyingine.

World Robot Olympiad

WRO ilianza mwaka 2004, na fainali yake ya kwanza ilikuwa Singapore. Timu ni ndogo, wanafunzi wawili au watatu na mkufunzi mmoja. Kipengele chake kikuu, RoboMission, ni mchezo wa mezani wa dakika mbili, uliogawanywa kwa umri: miaka 8 hadi 12, 11 hadi 15, na 14 hadi 19. Roboti haizidi sentimita 25 kila upande inapoanza. Mkufunzi haruhusiwi kuwasaidia uwanjani, na mara nyingine hutangazwa kanuni ya kushtukiza siku ile ile ya shindano. Mtoto aliyekariri programu ya mwalimu hapo hukwama.

Wasio na seti za LEGO wasiikimbie WRO. Kipengele cha Future Innovators ni mradi wa kuonyesha kulingana na mada ya mwaka, na Future Engineers ni gari dogo linalojiendesha, ambalo vijana wakubwa huruhusiwa kuliunda kwa vipuri vya kampuni yoyote. Bodi ya Arduino ya kunakiliwa, mota mbili na vihisi vichache hununuliwa Nairobi kwa maelfu machache ya shilingi.

Kila nchi ina mwandalizi wa kitaifa aliyeidhinishwa na WRO, na FIRST nayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kulipa hata senti, angalieni katika tovuti yao kuu ni nani aliyeidhinishwa kwa Kenya msimu huu.

FIRST Global si la kujiandikishia

Hili huchanganywa sana na FIRST LEGO League. FIRST Global ni la vijana wa miaka 14 hadi 18, na kila nchi hupeleka timu moja tu. Lilianza Washington mwaka 2017 kwa mataifa zaidi ya 150, na kila mwaka huhamia mji mwingine; mwaka 2023 lilikuwa Singapore na mwaka 2024 Athens. Skuli haiingii kwa kulipa ada. Kijana huchaguliwa kuwa katika timu ya taifa. Mwaka ule wa kwanza, wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa dakika za mwisho. Kwa hiyo safari ya ng'ambo, kwa shindano lolote, ihesabiwe kuwa ni bahati, wala watoto wasiahidiwe kana kwamba ni haki.

Ushahidi kutoka Njoro

Wapo watakaosema maonyesho ni ya wanyonge na wenye vifaa ndio wanaofika mbali. Nawaelekeza Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru mjini, katika kijiji ambacho kwa sadfa njema kinaitwa Pwani. Hapo ndipo ilipo skuli ya sekondari ya kutwa ya Keriko, ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana.

Skuli hiyo ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kusuasua, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Wengi walitoka katika familia maskini, na takriban thuluthi moja walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja. Mwalimu wao wa sayansi, Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa akienda kwenye saiba kuhifadhi masomo ya intaneti ili ayatumie darasani. Alilea klabu ya sayansi, akaipeleka KSEF. Mwaka 2018 wanafunzi wake walionyesha kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Wengine walipata tuzo ya Royal Society of Chemistry kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya hapo hapo. Timu ya hisabati ikafuzu kwenda ISEF ya mwaka 2019 huko Arizona, na Machi mwaka huo Tabichi alitunukiwa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Keriko hawakungoja sanduku la vipuri. Walichagua uwanja ambao umaskini wao haukuwa kizuizi cha kuingia, wakaurudia mwaka baada ya mwaka, na tatizo walilolitatua walilitoa kwa majirani zao.

Maswali matano ya kamati

Kabla ya kupiga kura, kamati ijiulize haya, na majibu yaandikwe:

1. Tukiondokewa na mfadhili, tutaweza kuingia mwaka ujao?
2. Je, wako walimu wawili wanaojua kazi hii? Mwalimu wa umma huhamishwa, na klabu ya mwalimu mmoja huhama naye.
3. Watoto wangapi watashika kifaa kwa mikono yao, si kutazama tu?
4. Msimu ukiisha, vifaa vitatumika darasani au vitarudi kabatini?
5. Gharama yote ni kiasi gani? Hesabuni ada, vipuri, nauli, malazi na chakula. Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Kutoka Mombasa ni karibu mara tatu ya hizo, na basi la usiku si la kuwasafirishia watoto.

Kwa klabu changa kama hii ya Nakuru, ningegawa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza, KSEF, kwa miradi miwili au mitatu ya vipuri vya bei nafuu, na kumfunza mwalimu wa pili. Mwaka wa pili, KSEF tena, pamoja na Future Innovators au Future Engineers. Mwaka wa tatu, ikiwa fedha zipo na walimu wamebaki, ndipo inunuliwe seti na kuingia michezo ya mezani. Skuli ya kibinafsi yenye seti tayari na watoto wadogo ianze moja kwa moja na FIRST LEGO League.

Kalenda, swala na mabinti

Ngazi za chini za KSEF kwa kawaida huangukia muhula wa kwanza. Mwaka 2026 Ramadhani ni Februari na Machi, na mwaka 2027 huanza mapema Februari. Watoto waliofunga wanaweza kushindana vizuri, mradi mazoezi yawe asubuhi na futari iwe imepangwa kabla ya kuondoka skulini, si kutafutwa njiani. Siku ikiwa Ijumaa, mwalimu azungumze na waandaaji mapema kuhusu muda wa swala. Hili ni ombi la kawaida, na ukiliuliza wiki mbili kabla, ratiba ya kuhojiwa hupangika.

Kuhusu mabinti, mzazi ana haki ya kuuliza nani anaandamana nao, wanalala wapi, na kama yuko mwalimu wa kike. Akishajibiwa, asiwe yeye tena wa kumzuia bintiye. Nimesikia mara nyingi katika jamii yetu kwamba roboti ni kazi ya wavulana, na binti huachiwa kuandika bango. Kanuni ya watu wawili kwa mradi inawapa walimu nafasi ya kulimaliza jambo hili: binti awe na mradi wake mwenyewe, ashike chuma cha kulehemu waya, na asimame mwenyewe mbele ya mwamuzi.