Mali ya Abdulla, Maneno ya Nani?

Ukipata kanga ya Mombasa, hebu tazama karibu na jina lake, yaani ule msemo juu ya pindo. Mara nyingi utakuta maandishi madogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyeanza kutia misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Sibishi. Ila neno hilo “mali” linanikera kidogo.

Pwani hii mnunuzi hajawahi kuwa mnyonge. Miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nacho kikapendwa hadi kikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani (1861–1865) vilipoharibu biashara hiyo, wenye viwanda wengine wakaja na kitambaa cha kuiga. Kule bara mambo yalikuwa magumu zaidi: shanga iliyogombewa kijiji hiki ilikataliwa kijiji kile, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa. Utafiti wa soko wa siku hizo ulifanywa kwa tumbo!

Kanga yenyewe, kwa masimulizi tuliyorithi, haikubuniwa na mwenye duka. Wanawake walinunua leso sita sita, wakazishona pamoja, wakajitanda. Wauzaji walipoona hivyo ndipo wakaagiza ng'ambo nguo nzima iliyokwisha chapwa. Kisha mwaka 1897 utumwa ukapigwa marufuku Zanzibar. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics, anaeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoacha merikani na kaniki, wakavaa kanga. Hapo hawakuwa wakinunua nguo tu. Walikuwa wanajitangaza kuwa watu huru. Mfanyabiashara gani angepuuza wateja wa namna hiyo?

Hata maandishi yalimfuata msomaji. Majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini, kadiri shule zilivyobadilisha macho ya watu.

Sisi wapenda vitabu tunapenda kuuliza mwandishi ni nani. Sasa chukua doti iliyoandikwa “Wema hauozi”. Msemo ni wa watu wote, kitambaa kimechapwa mbali, na alama ni ya duka. Lakini yule mwanamke aliyesimama mbele ya kaunta, akapekua doti kumi na kuzirudisha zote kwa sababu hakuna hata moja iliyosema alichotaka jirani yake asome, jina lake halikuchapwa popote.