Ukavu wa macho: Haja tatu za mgonjwa

Ukavu wa macho ni maradhi yanayotokea machozi yanapopungua au kukauka upesi kupita kiasi. Macho huwasha na kuchoma kana kwamba yameingia mchanga. Wakati mwingine hutiririka machozi yasiyotuliza. Upepo, vumbi na moshi huyazidisha, mambo ambayo dereva wa lori wa Changamwe au mwendeshaji bodaboda wa Likoni na Kisauni hana pa kuyakwepea.

Haja ya kwanza ya mgonjwa ni kufanya kazi bila maumivu. Ya pili ni dawa anayoimudu, kwani matone ya machozi bandia hutumiwa kila siku, pengine kwa miaka. Ya tatu ni kuelezwa ukweli: aghalabu matibabu hutuliza, hayaponyi kabisa.

Asiyeelezwa hudhani dawa imeshindwa, akajinunulia matone yenye steroidi pasipo maagizo ya daktari. Wekundu hupungua upesi, lakini yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi, yaweza kuleta mtoto wa jicho au glakoma, yaani presha ya jicho. Uoni uliopotezwa na glakoma haurudi.