Askari wa Miguu, Narung'ombe na Ruponda

Wasimulizi wa vita ya 1914–1918 hutaja majemadari. Walakini vita ile iliendeshwa kwa miguu na kwa nafaka. Tarehe 19 Julai 1917 askari wa K.A.R. na wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, walipigana na Wadachi huko Narung'ombe, katika nchi ya Ruangwa. Oktoba Waingereza wakatwaa Ruponda, upande wa Nachingwea, penye akiba ya chakula ya Wadachi.

Kampuni ya askari wa Kidachi haikuwa bunduki tupu: wapagazi, wake na watoto waliandamana nayo, kama kijiji kinachohama. Nacho kilikula jasho la wenyeji. Basi, Novemba jemadari von Lettow-Vorbeck akawaacha wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma. Wenyeji wakabaki na vihenge vitupu.