Habari za Mashine Kaimu

Mnamo mwaka 1974 James Treybig, aliyepata kuwa mtumishi wa Hewlett-Packard, aliasisi pamoja na wenzake kampuni ya Tandem Computers huko Cupertino, California, kwa nia ya kuunda kompyuta ambayo, hata kiungo chake kimoja kikiharibika, haitasimamisha shughuli za watu. Zama zile mabenki yalikuwa yamekwisha kukabidhi daftari zao kwa mashine, na mashine ikizimika, mteja hakuwa na budi kungoja mpaka fundi aje. Mtambo wa kwanza ulipelekwa Citibank mwaka 1976. Diski zake ziliweza kuwekewa pacha, na kazi iliyotendeka katika prosesa moja iliweza kuwa na kaimu katika prosesa nyingine, ambaye alipokea, hatua kwa hatua, habari za mahali mwenziwe alipofikia, ili siku ya msiba aishike kazi pale pale ilipokatikia. Tena kila sekunde prosesa zilipelekeana salamu za kuarifu kwamba zingali hai. Salamu zikikoma, kaimu alitwaa madaraka.

Hapo ndipo lilipo fumbo la fani hii ya mashine kaimu. Ukimya si hoja ya mauti: yamkini mashine ni nzima na waya ndio uliokatika, na kaimu akiharakisha kurithi, patakuwa na mabwana wawili, kila mmoja akiandika daftari yake, na kuzipatanisha daftari hizo ni taabu kuliko kuzimika kwenyewe. Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport, katika makala iliyochapishwa 1998, alithibitisha kwa hesabu jinsi mashine ziwezavyo kuafikiana kwa wingi wa kura, walio wachache wasithubutu kuamua. Ndiyo sababu leo hupendelewa mashine tatu au tano kuliko mbili.

Lakini aliyeyaona mambo kwa undani zaidi, kwa rai yangu, ni Jim Gray wa Tandem, ambaye mwaka 1985 alipeleleza sababu za mitambo kusimama, akakuta asilimia 42 zatokana na usimamizi wa wanadamu, na asilimia 18 tu na vyuma.

Mfano wa hayo ni kisa cha Amazon, iliyofungua ghala lake la data liitwalo S3 mwezi Machi 2006, nakala za kila kitu zikitawanywa katika majengo mbalimbali. Tarehe 28 Februari 2017, huko Virginia, mtumishi mmoja alikosea kuandika amri, zikaondolewa seva nyingi kuliko alizokusudia, na huduma ikasimama kwa muda wa saa nne hivi. Nakala zilikuwa salama. Kilichoanguka ni faharasa ya ghala hilo, nayo ilikuwa haijawashwa upya kwa ukamilifu kwa miaka mingi. Hatimaye Amazon ilikirekebisha chombo kilichotumika, kiondoe seva polepole na kikatae kushusha idadi chini ya kiasi cha lazima: tahadhari ambayo takwimu za Gray zilikuwa zikiidai tangu miaka 32 nyuma.