Jicho Jekundu na Ngozi Nyeupe

Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi tu. Ni pia jinsi jamii inavyowatazama wanyonge wake. Sisi wa Tinde, tukaao njia panda ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kahama, tumeshuhudia makundi mawili ya wenzetu yakionewa kwa sababu ya alama za mwilini: vikongwe wenye macho mekundu, na watu wenye ualbino. Yafaa tuyapime maonevu haya katika mizani moja.

Tuanze na kikongwe. Zama za ukoloni, misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kutokomeza mbung'o, na mashamba ya pamba yakazidi kuenea. Kuni zikaadimika, akina mama wakapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na vijiti vya pamba. Moshi wa miaka mingi huyaumiza macho yakawa mekundu, na jamii ikauita wekundu huo uchawi. Mtoto akifa, ramli chonganishi humwangukia bibi huyo, na pengine nyuma ya ramli umejificha urithi wa shamba. Kwake yeye, kikulacho ki nguoni mwake.

Mwenye ualbino, ambaye hali yake hutokana na urithi wa wazazi wote wawili, amefikwa na balaa la namna nyingine. Hasa tangu 2007, waganga waovu waliwaaminisha wachimbaji wa dhahabu na wavuvi wa Ziwa Victoria kwamba viungo vyake huleta utajiri. Kikongwe huuawa ili aondoke. Huyu huwindwa ili apatikane. Yule ni mhanga wa hofu, huyu ni mhanga wa tamaa.

Hata kilio chao si sawa. Kilio cha wenye ualbino kilisikika duniani kote, na tangu 2015 Umoja wa Mataifa huadhimisha siku yao kila 13 Juni. Watoto wao walipewa hifadhi Buhangija, mjini Shinyanga, ijapokuwa kwa uchungu wa kutengana na wazazi. Vikongwe waliouawa ni wengi zaidi, lakini wamezikwa kimya kimya, wala hawana Buhangija yao.

Dola imejaribu kutumia nguvu. Msako wa 1976 katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga uliishia kwa vifo vya watuhumiwa mahabusu, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa kuwajibika. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipiga marufuku shughuli za waganga wa jadi. Sheria ni ya lazima, ila peke yake haing'oi mzizi. Na mzizi ni mmoja: kuusoma mwili wa binadamu kama ramli.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na ngitili zetu zikaota upya. Ikiwa miti iliyofyekwa iliweza kurudi, utu nao waweza kurudi, siku kila mmoja wetu atakapokataa, nyumbani mwake, kumlipa mpiga ramli.